Wenger: msimamo au ukaidi? Kambi mbili za Arsenal, hoja kwa hoja

Machi 18, 2017, Arsenal wakiwa wageni wa West Bromwich Albion, ndege ndogo mbili zilipita juu ya uwanja kwa kupokezana. Moja ilivuta bango la kumkatalia kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, mkataba mpya. Nyingine ilivuta bango la kumheshimu na kusema bado wanamwamini. Waliozilipia zote mbili walikuwa mashabiki wa timu moja, na chini huko timu hiyo ilipigwa 3-1.

Wenger aliondoka Mei 2018. Tangu Julai 2023 sanamu yake imesimama nje ya Uwanja wa Emirates, lakini ubishi haujaondoka naye. Ingia kibanda umiza chochote siku Arsenal inapocheza, taja jina lake, halafu kaa pembeni usikilize. Kambi ya kwanza tuiite "Asante Mzee", ya pili "Alikaa Mno". Tabia ileile, kambi ya kwanza huiita msimamo na ya pili huiita ukaidi. Kwa hiyo ukiuliza kama alikuwa mbishi unapoteza muda, maana alikuwa mbishi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Cha kuuliza ni ubishi upi ulitokana na hali ya klabu, na upi ulikuwa wake mwenyewe. Ukishatenganisha hivyo viwili, kuchagua kambi kunakuwa rahisi zaidi.

Kwanza namba, kabla ya kelele

Kosa linalofanywa na kambi zote mbili ni kuihesabu miaka 22 kama kitu kimoja. Jumla ni mechi 1,235, ushindi 707, sare 280 na vipigo 248. Namba hizo ni kubwa, ila hazikusaidii kuchagua. Igawe miaka hiyo katika mafungu matatu.

| | 1996/97 – 2004/05 | 2005/06 – 2012/13 | 2013/14 – 2017/18 |
|---|---|---|---|
| Misimu | 9 | 8 | 5 |
| Ubingwa wa ligi | 3 (1998, 2002, 2004) | 0 | 0 |
| Kombe la FA | 4 (1998, 2002, 2003, 2005) | 0 | 3 (2014, 2015, 2017) |
| Nafasi kwenye ligi | 3, 1, 2, 2, 2, 1, 2, 1, 2 | 4, 4, 3, 4, 3, 4, 3, 4 | 4, 3, 2, 5, 6 |
| Ligi ya Mabingwa | Robo fainali | Fainali 2006, nusu fainali 2009 | Hatua ya 16 bora tu |
| Fainali zilizopotezwa za Kombe la Ligi | hakuna | 2007, 2011 | 2018 |

Fungu la kwanza halina mjadala. Hata shabiki mkali wa "Alikaa Mno" hataligusa. Msimu wa 2003/04 Arsenal walimaliza ligi kwa ushindi 26, sare 12 na bila kipigo, pointi 90. Mlolongo wa kutofungwa ulifika mechi 49, hadi Manchester United walipoukata pale Old Trafford Oktoba 24, 2004 kwa 2-0. Hapo ndipo pia penye jibu la kwa nini timu ya London kaskazini ina wapenzi wengi hivi Dar, Nairobi na Kampala. Watu waliona Kanu akiwafunga Chelsea mabao matatu Oktoba 1999, wakamwona Lauren beki wa kulia, Kolo Touré katikati. Kabla ya hapo, akiwa kocha wa Monaco, Wenger alikuwa amempokea George Weah kutoka Afrika na kumlea. Weah alipokuwa rais wa Liberia alimtunuku nishani ya nchi, mwaka 2018.

Ugomvi uko kwenye fungu la pili na la tatu, na ushahidi wa fungu moja si ushahidi wa jingine. Watu wengi huuchanganya.

Fedha: hapa Asante Mzee wanashinda, lakini mpaka mwaka fulani tu

Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, ilikuwa na viti 38,419. Kila mechi ya nyumbani Manchester United walikuwa wanauza tiketi nyingi zaidi kwa makumi ya maelfu, na pengo hilo huliwezi kwa ujanja wa usajili peke yake. Emirates ilifunguliwa Julai 2006 kwa gharama ya pauni milioni 390, viti takriban 60,000. Milioni 260 kati ya hizo zilikuwa za kukopa.

Sehemu ambayo wengi hawaijui ni namna nyingine za kupata fedha za kujengea. Mwaka 2004 klabu iliuza jina la uwanja kwa miaka 15 pamoja na kifua cha jezi kwa miaka 8, vyote kwa shirika la ndege la Emirates, kwa pauni milioni 100. Mwaka huohuo Nike wakaongeza mkataba wao wa kutengeneza jezi kwa miaka 7, pauni milioni 55. Arsenal walitaka fedha mapema, na anayetaka fedha mapema huuza kwa bei ya chini. Bei za mikataba ya jezi zilipopaa miaka iliyofuata, wapinzani wakasaini upya kwa bei mpya, Arsenal wakabaki wamefungwa na bei ya 2004. Wakati huohuo Roman Abramovich alikuwa ameshainunua Chelsea (2003), na Abu Dhabi wakaichukua Manchester City (2008).

Kwa hiyo timu ililazimika kuuza. Adebayor na Kolo Touré kwenda City 2009. Fàbregas Barcelona, Nasri na Clichy City, wote 2011. Van Persie kwenda United 2012 kwa pauni milioni 24, akafunga mabao 26 ya ligi na kuwapa United ubingwa msimu wa kwanza. Hilo la mwisho bado linauma kuliko yote. Wenger akijaza mapengo kwa vijana, na kila mwaka akaingia nne bora, maana fedha za Ligi ya Mabingwa ndizo zilizosaidia kulipa deni. Kumaliza wa nne mwaka 2009 au 2011 katika mazingira hayo ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali.

"Alikaa Mno" wana majibu mawili ya maana hapa. La kwanza: mfumo wa mishahara ulikuwa wake. Wachezaji wa kawaida walilipwa vizuri kiasi kwamba klabu nyingine hazikuweza kuwachukua, ndiyo maana Denilson, Bendtner na Chamakh waliishia kuazimwa badala ya kuuzwa. Fedha iliyokaa hapo ingembakiza nyota mmoja. La pili ni msimu wa 2007/08. Februari Arsenal waliongoza ligi kwa pointi 5, dirisha la usajili la Januari likiwa limefungwa bila mshambuliaji mpya. Februari 23 Eduardo akavunjwa mguu Birmingham, timu ikayumba, ikamaliza ya tatu kwa pointi 83, nne nyuma ya bingwa. Uwanja haukuzuia kununua mshambuliaji mmoja wa akiba.

Hayo ni majibu mazuri, lakini ni ya pembeni. Kwa kipindi cha 2006 hadi 2012, atakayesema "ukaidi wake ndio uliotunyima ubingwa" ana kazi ya kueleza fedha ingetoka wapi.

Mambo yanageuka baadaye kidogo. Mwishoni mwa 2012 ulisainiwa mkataba mpya na Emirates wa pauni milioni 150. Kuanzia 2014 Puma wakaingia kwa takriban milioni 30 kwa mwaka, wakati Nike walilipa chini ya 8. Septemba 2013 Özil akanunuliwa kwa milioni 42.5. Kuanzia hapo neno "hatuna fedha" halimlindi tena mtu yeyote. Huo ndio mpaka mkuu wa mjadala huu, na shabiki wa "Asante Mzee" anayetumia deni la uwanja kutetea msimu wa 2016 anatumia risiti iliyokwisha muda wake.

Mbinu: hapa Alikaa Mno wana kesi nzito

Vipigo vikubwa vya Wenger vinafanana kama mapacha. 8-2 Old Trafford, Agosti 28, 2011. 6-3 kwa City, Desemba 2013. 5-1 kwa Liverpool, Anfield, Februari 2014. 6-0 kwa Chelsea, Stamford Bridge, Machi 22, 2014, siku ya mechi yake ya 1,000 akiwa na Arsenal, siku ambayo ilipaswa kuwa ya keki. Bayern 5-1 na 5-1 mwaka 2017, jumla 10-2.

Ukizitazama tena utaona mtiririko uleule. Mabeki wa pembeni wote wawili wamepanda. Viungo wanatafuta pasi fupi katikati, mahali ambapo mpinzani amejaza watu. Mpira unapotea. Mabeki wawili wa kati wamebaki karibu na mstari wa katikati ya uwanja wakiwa na eka nzima ya nyasi nyuma yao, na hakuna kiungo mkabaji wa kuchelewesha shambulizi. Mpinzani anahitaji pasi moja ndefu na mtu mwenye mbio.

Kiungo huyo mkabaji ndiye kidonda chenyewe. Vieira aliondoka 2005. Mwaka 2008 wakaondoka Flamini na Gilberto Silva kwa pamoja. Pengo lao likajazwa na Denilson, Song na Diaby. Mwaka 2013 akarudishwa Flamini yuleyule, bure. Desemba 2014 akaitwa Coquelin kutoka Charlton alikokuwa ameazimwa, na akageuka mhimili wa kikosi kwa miezi kadhaa. Ni hadithi nzuri kwa Coquelin. Kwa klabu yenye fedha ya kumnunua Özil ni ushahidi kwamba mipango haikuwepo.

"Asante Mzee" hujibu kwamba Wenger alijua kubadilika. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yao inapowageukia. Januari 18, 2015 Arsenal walikwenda Etihad, uwanja wa City, wakakaa nyuma, wakamiliki mpira asilimia 35 tu, wakashinda 2-0. Aprili 2017, baada ya miaka 20 ya kutumia mabeki wanne, alihamia mabeki watatu wa kati pale Middlesbrough. Timu ikashinda mechi 9 kati ya 10 zilizobaki, ikiwemo nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya City na fainali dhidi ya Chelsea, zote 2-1. Katika fainali alimwanzisha Per Mertesacker, ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja msimu huo, na akacheza kama aliyezaliwa siku hiyo.

Kocha asiyejua utamsamehe. Anayejua na hataki mpaka maji yamfike shingoni, huyo ndiye anayeitwa mkaidi. Kwenye mbinu, basi, mizani inaelemea upande wa wapinzani wake, hasa kwa fungu la tatu.

Kuna jambo dogo la kuwekwa sawa: ulinzi wake wa mwanzo haukuwa wake. Seaman, Dixon, Adams, Keown, Bould na Winterburn aliwakuta, wamefundishwa na George Graham. Msimu wa 1998/99 waliruhusu mabao 17 tu ya ligi. Lakini hoja hii ina ncha mbili, kwani timu isiyofungwa ya 2004 ilikuwa na ukuta alioujenga mwenyewe kwa Lehmann, Lauren, Campbell, Touré na Cole. Lauren alikuwa kiungo kabla ya Wenger kumgeuza beki. Touré naye hakuja kama beki wa kati. Macho ya kuona beki alikuwa nayo.

Majeruhi

Hapa msitumie nguvu nyingi. Eduardo 2008 na Ramsey kule Stoke Februari 2010 walivunjwa kwa rafu, hakuna mazoezi yanayozuia rafu. Diaby hakurudi kuwa yuleyule baada ya kuumizwa Sunderland Mei 2006. Lakini majeruhi ya misuli, yale ya kila Novemba, yalikuwa mengi mno kwa miaka mingi mno. Wenger alimleta Shad Forsythe kutoka benchi la timu ya taifa ya Ujerumani mwaka 2014. Kocha aliyekuja 1996 akawafundisha Waingereza kula mboga na kunyoosha misuli alikuwa, katika jambo hilohilo, amepitwa.

Mikataba

Fungu hili linaumiza pande zote. Msimu wa 2017/18 ulianza Özil na Sánchez wakiwa wamebakiza mwaka mmoja kwenye mikataba yao. Mchezaji wa namna hiyo una njia tatu tu: muuze sasa kwa bei pungufu, mpe anachotaka, au mpoteze bure. Arsenal walichelewa kuchagua, kwa hiyo wakachaguliwa. Januari 2018 Sánchez akabadilishwa na Mkhitaryan bila fedha kuingia, na Özil akapewa takriban pauni 350,000 kwa wiki, mshahara uliowafunga makocha wawili waliofuata. Ramsey naye akaondoka bure kwenda Juventus 2019.

Lawama hii si ya Wenger peke yake. Ivan Gazidis alikuwa mtendaji mkuu tangu 2009, Stan Kroenke mmiliki mkubwa tangu 2011. Tatizo ni kwamba David Dein, makamu mwenyekiti aliyejua kumwambia Wenger "hapana" na kumletea mchezaji, aliondoka Aprili 2007, na nafasi yake ya kubishana na kocha haikuzibwa. Ukimwachia mbishi nyumba nzima, usishangae samani zikikaa anavyotaka yeye.

Baada yake: ushahidi unaotumiwa vibaya na wote

"Asante Mzee" huonyesha kilichofuata: Unai Emery, kocha aliyemrithi, nafasi ya 5, kisha Arsenal nafasi ya 8 mara mbili mfululizo, 2020 na 2021. Ligi ya Mabingwa ilirudi Emirates msimu wa 2023/24, baada ya misimu sita bila. Wanasema: mlitaka aondoke, mkaona.

Kambi ya pili hujibu kwamba kuporomoka kulianza yeye akiwa bado kwenye kiti. Msimu wa 2016/17 alitoka nne bora kwa mara ya kwanza katika misimu 21, kwa pointi 75. Uliofuata alipata 63 na kuruhusu mabao 51, na kwa mwaka 2018 Arsenal hawakupata hata pointi moja ya ugenini kwenye ligi hadi mechi yake ya mwisho kabisa, 1-0 pale Huddersfield Mei 13. Emery alipata pointi 70, yaani 7 zaidi. Kwa hesabu hiyo nafasi ya 8 ni deni lililoachwa, na Mikel Arteta, kocha aliyemrithi Emery, alilimaliza kwa kuvunja mikataba na kuanza upya. Baadaye akashika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, kwa staili ambayo mwanafunzi wa Wenger tu ndiye angeitaka, ila akiwa na mkabaji mbele ya mabeki.

Ushahidi wa baada yake hauamui kitu peke yake. Unaonyesha jambo moja tu: Mei 31, 2017, siku nne baada ya Kombe lake la FA la mwisho, aliposaini miaka miwili zaidi, alikuwa amepewa mlango mzuri kuliko wote wa kutokea, akaukataa. Tarehe hiyo weka akilini.

Basi uchague ipi?

Inategemea unapima kwa nini.

Ukipima kocha kwa alichokifanya na alichopewa, nenda na "Asante Mzee" mpaka 2013, na usiogope. Misimu minane bila kombe inaonekana mibaya, lakini ndiyo iliyolipia uwanja ambao klabu inakula matunda yake leo.

Ukipima kwa nafasi zilizoachwa, nenda na "Alikaa Mno", na anza hesabu yako 2013, si 2005. Ukianza 2005 utapigwa kwa hoja ya deni na utanyamaza.

Ukiwa wa kundi la tatu, wale wanaompenda lakini wangetaka aondoke mapema, tarehe yako ni Mei 2014 au Mei 2017, baada ya fainali ya Kombe la FA dhidi ya Hull (3-2 kutoka nyuma 2-0) au ile dhidi ya Chelsea. Kundi hili ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu halina bango wala ndege.

Usimtetee kwa Kombe la FA pekee, maana wenzako watakuuliza kuhusu ligi. Usimshambulie kwa 8-2 pekee, maana siku chache baadaye aliwanunua Mertesacker na Arteta, na msimu ule akamaliza wa tatu. Na usitumie ofa ya pauni milioni 40 na pauni moja kwa Suárez, mshambuliaji wa Liverpool, Julai 2013, kama utani tu. Ni mfano bora wa tatizo lenyewe. Klabu ilisoma kifungu cha mkataba, ikaongeza pauni moja juu ya kiwango, ikaamini imemaliza kazi, kumbe Liverpool waligoma kuuza.

Ushahidi mkali kuliko wote wa kambi ya pili ni dirisha kubwa la usajili la 2015. Arsenal walimaliza wa tatu, wana fedha, wana Özil na Sánchez. Kwa kikosi cha kwanza akanunuliwa mtu mmoja, kipa Petr Čech, bila mchezaji hata mmoja wa ndani. Msimu huo Chelsea wakaporomoka, United na City wakayumba, na Arsenal wakawafunga Leicester mechi zote mbili, 5-2 na 2-1. Ubingwa ukaenda Leicester kwa pointi 81, Arsenal wa pili na 71. Na akikujibu mtu kwamba sokoni hakukuwa na kiungo mkabaji, mkumbushe kwamba dirisha hilohilo Leicester walimtoa N'Golo Kanté Caen kwa chini ya pauni milioni 6.